Nauli ya Kurudi Jana

Mei 2017 kituo cha televisheni cha NBC cha Marekani kiliifuta tamthilia ya Timeless baada ya msimu mmoja. Siku tatu baadaye kikabadili mawazo. Juni ya mwaka uliofuata kikaifuta tena, na safari hii hakikugeuka, ila kwa sehemu mbili za kuagana zilizorushwa Desemba 20, 2018 kwa sababu mashabiki walikataa kunyamaza. Walikuwa wamechangishana fedha wakakodi helikopta ipite juu ya mkusanyiko wa Comic-Con jijini San Diego ikiburuta bango la kutaka tamthilia yao iokolewe. Ukijumlisha zote, za misimu miwili na za kuagana, ni sehemu 28. Msomaji aliyezoea tamthilia za Kituruki, ambazo hupita sehemu mia moja kabla bi harusi hajajua mama yake mzazi ni nani, ana haki ya kuuliza: helikopta kwa ajili ya kitu kifupi hivyo?

Toleo hili linahusu historia inapoingia kwenye burudani. Ningeweza kulifungua kwa filamu kubwa yenye tuzo. Nimechagua tamthilia iliyokufa changa kwa sababu ndani yake kuna ugomvi ambao takriban kila mwandishi wa toleo hili ameugusa, na kwa sababu nadhani wengi wanaoisifu wanasifu upande usio wake.

Kisa chenyewe ni chepesi. Jamaa aitwaye Garcia Flynn anaiba mashine ya wakati kutoka kwa tajiri wa teknolojia na kukimbilia Mei 6, 1937, siku ambayo Hindenburg, chombo cha anga cha Wajerumani, kiliteketea kikitua Lakehurst, New Jersey, na kuua watu 36. Serikali inabaki na chombo cha zamani cha majaribio, kidogo, chenye viti vitatu. Humo wanabanwa mwanahistoria Lucy Preston, mwanajeshi Wyatt Logan na mhandisi Rufus Carlin, ambaye ndiye rubani. Wamfuate Flynn kokote aendako wamzuie asiiharibu historia. Kila wiki mwaka mwingine, mavazi mengine. Sharti kubwa ni moja: huwezi kwenda kwenye wakati ambao tayari ulikuwa hai na ulikuwapo, kwa hiyo ukikosea huna nafasi ya kurudia.

Waliobuni tamthilia hii, Eric Kripke na Shawn Ryan, hawakuanzisha aina mpya. Kituo cha ABC kilikuwa na The Time Tunnel mwaka 1966, sehemu 30, basi. NBC yenyewe ilikuwa na Voyagers! mwaka 1982, mtu mzima na mtoto wakirekebisha historia kwa kifaa cha mkononi, na kila mwisho wa kipindi watoto wakahimizwa waende maktaba kusoma zaidi, sehemu 20. Mwaka 2007 ikaja Journeyman, sehemu 13. Aina hii ya tamthilia hufa mapema kwa sababu isiyo na siri yoyote: ni ghali. Tamthilia ya familia ina sebule moja inayotumika miaka mitano, lakini hapa kila wiki unahitaji mtaa mpya, magari mapya na kofia za mwaka mwingine. The Time Tunnel ilijiokoa kwa kuchomeka vipande vya filamu za zamani za 20th Century Fox, na ukiitazama leo unaona kabisa pale ambapo kitambaa kimeungwa.

Ila katika The Time Tunnel kuna jambo jingine linaloonekana leo kuliko hivyo viraka. Tony na Doug, wanasayansi wawili wa kizungu, wanaangushwa popote na historia: melini Titanic, Pearl Harbor, kwenye kuta za Yeriko. Wanapigwa, wanafungwa, wanashukiwa ujasusi. Lakini hakuna mahali ambapo sura zao peke yake ni kosa. Wakifungua mdomo, nahodha anawasikiliza, hata kama hawaamini. Kwa tamthilia hiyo wakati ni barabara ya umma, kila mtu anapita.

Rufus Carlin, aliyechezwa na Malcolm Barrett, ni Mmarekani mweusi. Anapoambiwa arushe chombo kwenda mwaka 1937, anajibu kwamba katika historia nzima ya Marekani hakuna mahali ambapo mtu kama yeye atapokewa vizuri. Anasema kwa mzaha, na mzaha unachekesha. Kisha tamthilia inafanya jambo la kijasiri kuliko mashine zake zote: inautilia maanani. Katika sehemu ileile ya kwanza wote watatu wanatiwa mahabusu, na Rufus ndiye anayetumwa kumzubaisha askari mzungu wakati wenzake wanashughulika na kufuli. Anamporomoshea mambo yatakayokuja, wanamichezo na wanamuziki weusi watakaoitikisa dunia, hadi rais mweusi. Askari anamwona mwendawazimu. Mtazamaji anacheka, halafu anagundua kwamba katika chumba kile Rufus ndiye pekee ambaye kwake mwaka 1937 si mandhari ya picha.

Hapo ndipo ninapouona mvuto wa Timeless. Nauli ya kurudi jana si moja kwa abiria wote. Wyatt akivaa sare ya mwaka wowote anafunguliwa milango. Lucy ana historia yote kichwani lakini katika vyumba vingi hakuna mwanamume anayetaka kuisikia kutoka kwa mwanamke. Rufus ndiye anayekirusha chombo, na akishuka anaambiwa apite mlango wa nyuma. Ukishaliona hilo huwezi tena kuitazama safari ya mwezini au karamu ya Washington kama picha ya ukutani; unajiuliza kwanza nani aliruhusiwa kuingia.

Na kwa kuwa tamthilia ilianza na swali hilo, ilijua pa kwenda. Mwaka 1969, wakati wa safari ya mwezini, Rufus anashirikiana na Katherine Johnson, mwanahesabu mweusi wa NASA. Sehemu hiyo ilirushwa wiki chache kabla filamu ya Hidden Figures haijalipeleka jina lake duniani. Mwaka 1882, katika msako wa jambazi Jesse James, anatokea Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa na kuishia kuwa naibu wa mashali wa shirikisho akikamata wahalifu katika eneo lililoitwa la Wahindi Wekundu. (Tamthilia inatangaza kwamba Reeves ndiye chanzo cha Lone Ranger, shujaa wa hadithi za kubuni. Watafiti hawajakubaliana juu ya hilo, na mhariri yeyote angeliwekea alama nyekundu.) Mwaka 1863 tunapelekwa South Carolina, kwa Harriet Tubman na uvamizi wa Mto Combahee, ambamo wanajeshi weusi wa jeshi la Muungano, lile la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, waliwatoa utumwani watu zaidi ya 700. Watoto wengi humjua Tubman kama mama anayetembea usiku na wakimbizi. Hapa ni kamanda.

Anayenishika zaidi ni Wendell Scott, dereva wa mbio za magari, ambaye tamthilia inamkuta Darlington mwaka 1955. Scott wa kweli alijifunza kukimbiza gari akisafirisha pombe ya magendo Virginia huku polisi wakiwa nyuma yake. Desemba 1, 1963 alishinda mbio za NASCAR Jacksonville, Florida, na bendera ya ushindi ikapewa dereva mzungu, Buck Baker, ambaye alikuwa nyuma yake. Saa kadhaa baadaye, mashabiki wakiwa wameshakwenda zao, waandaaji walikiri kwamba mshindi alikuwa Scott. Kombe lake hakulipata hadi alipofariki mwaka 1990. Familia yake ilikabidhiwa rasmi mwaka 2021. Ukiwa na mashine ya wakati na kisa cha namna hiyo, hata huhitaji Flynn. Uovu tayari upo, una saa zake na karatasi zake.

Kwa bahati mbaya waandishi waliona wanamhitaji mwovu mkubwa zaidi, na hapa ndipo ugomvi wangu na Timeless ulipo. Nyuma ya kila jambo waliweka chama cha siri kiitwacho Rittenhouse, kilichoasisiwa enzi za kupigania uhuru wa Marekani na kinachoendesha nchi kwa kificho. Jina walilitwaa kwa David Rittenhouse, mtu wa kweli wa Pennsylvania, mwanafalaki na fundi saa aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa kiwanda cha serikali cha sarafu. Kumpa fundi saa uovu katika tamthilia ya wakati ni ubunifu mzuri, nakubali. Lakini tazama unachopoteza. Kama ubaguzi na ukandamizaji ni mpango wa watu kumi wenye pete za siri, basi yule askari wa mahabusu wa 1937 hana hatia, naye ametumwa. Ilhali mvuto wote wa sehemu ya kwanza ulitokana na kwamba hakutumwa na mtu. Alikuwa baba wa watu, ana zamu, anarudi nyumbani kula. Bendera ya Jacksonville haikufichwa na chama chochote cha siri. Ilipeperushwa hadharani, mchana, mbele ya umati.

Kwa hiyo ndani ya tamthilia moja kuna mitazamo miwili ya historia inayopigana. Mmoja unasema kuna mkono uliojificha, ukiukata mambo yatanyooka. Wa pili unasema mambo yalifanywa na watu wa kawaida, mmoja mmoja, wengine kwa ujasiri na wengi kwa uzoefu tu wa kutii. Wa kwanza ndio unaomwacha mtazamaji akingojea wiki ijayo. Wa pili ndio anaoukumbuka miaka sita baadaye. Nimewasikia mashabiki wakibishana juu ya nani alikuwa Rittenhouse na nani hakuwa, na naona ni mazungumzo ya kupoteza muda mzuri.

Kuna mahali pamoja ambapo mitazamo yote miwili inakutana, napo ni nyumbani kwa Lucy. Anarudi kutoka 1937 na kumkuta mama yake, aliyemwacha mgonjwa wa saratani, akiwa mzima. Mdogo wake Amy hayupo. Hakufa, hajawahi kuzaliwa, kwa kuwa baba yake Amy alioa mwanamke mwingine, wa ukoo ambao ungekatikia Lakehurst. Picha za Amy hazipo, mama hamjui. Lucy anavaa pete ya uchumba wa mwanamume asiyemfahamu. Wyatt naye anataka kumrudisha mkewe aliyeuawa, na Flynn, huyo adui, anafanya yote hayo kwa ajili ya mke na binti waliouawa. Kila mmoja mle ana kaburi moja ambalo angependa kulifuta, na kila mmoja anamkataza mwenzake kufuta lake kwa jina la historia. Ndiyo maana sehemu ya pili, ile ya Aprili 1865, inauma. Kazi yao rasmi usiku ule ni kuhakikisha Abraham Lincoln anauawa. Rufus anauliza swali ambalo angeuliza mtu yeyote mwenye wazazi wake waliopitia yaliyofuata baada ya kifo kile: kwa nini tusimwache aishi? Lucy, ambaye ameshakutana na mtoto wa Lincoln, hana jibu la kitaaluma. Anajua tu kwamba ukivuta uzi huo huenda anayetoweka ni mtu mwingine wa nyumbani kwake.

Sikubaliani na wanaosema Timeless ilistahili miaka saba. Msimu wa pili ulikuwa na sehemu kumi tu, na ni bora kuliko wa kwanza uliokuwa na 16, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuzungukazunguka. Miaka saba ingetuletea vyama vya siri vingine vitatu. Pia nimeulizwa kwa nini nimsumbue msomaji wa Kiswahili na tamthilia ambayo mashine yake, katika sehemu zote 28, haikutua Afrika hata mara moja. Kwangu hiyo ni heshima yake. Walichokijua ni makovu ya kwao, na huko ndiko walikokaa zaidi. Wangekuja kwetu msimu wa tatu, na bajeti ile iliyobaki, nina hakika tungepata simba.

Kuna makala katika toleo hili ambazo hazikubaliani nami. Ya kwanza, kuanzia ukurasa unaofuata, inatetea simulizi za njama na kudai kwamba bila Rittenhouse watu wasingeketi kumtazama Wendell Scott kabisa. Nilimwomba mwandishi wake apunguze aya mbili. Alikataa, na baada ya kuisoma tena nimemwachia zote.