Mpeni kasuku kazi ya mdomo

Mtoto akikariri somo bila kulielewa huambiwa amekuwa kasuku, na ndege mwenyewe husifiwa kwa hilohilo: anaamkia wageni, anaita majina ya watu wa nyumbani, anaiga mlio wa simu. Sifa hiyo inampunja. Sauti ya kasuku haizaliwi mdomoni. Inaundwa chini ya koo, pale njia ya hewa inapogawanyika kuelekea mapafuni, na ulimi unaifinyanga ikipita. Ule mdomo mnene uliopinda, unaomtambulisha hata kwenye jalada la daftari, umeumbwa kwa shughuli nyingine kabisa. Anayemfuga ndege huyu ndani ya tundu tupu, lenye kijiti kimoja na kikombe cha alizeti, amemfunga mikono, kisha anashangaa kwa nini anang'atwa.

Tuanze na namna mdomo wenyewe ulivyoundwa. Taya letu la juu limeshikamana na fuvu, nasi hutafuna kwa kulipandisha na kulishusha la chini. Kasuku hutumia yote mawili. Pale mdomo wa juu unapokutana na paji la uso pana kiungo mfano wa bawaba ya mlango, kwa hiyo mdomo huo huinuka wakati ule wa chini unaposhuka. Upande wake wa ndani una matuta madogo yanayoizuia mbegu isiteleze. Ukingo wa mdomo wa chini, uliochongoka kama patasi, hulipasua ganda, na ulimi wenye misuli huigeuzageuza mbegu mpaka ipatikane sehemu iliyo dhaifu. Kwa nje mdomo umevikwa kitu kilekile cha kucha zetu, nacho hakikomi kukua. Kwa ndani ni mfupa, damu na mishipa ya fahamu, na kwenye ncha zimo hisia za kugusa. Ndiyo maana mdomo huohuo unaovunja kokwa unaweza pia kumlisha kinda, au kumpangia mwenza manyoya, unyoya mmoja baada ya mwingine.

Tena ni mguu. Mwaka 2022 watafiti wa New York Institute of Technology walichapisha vipimo vya kasuku wadogo wa aina inayotoka Namibia na maeneo jirani, ndugu wa cherero tunaowaona Serengeti. Waliwapandisha kwenye njia iliyosimama wima, yenye chombo cha kupimia nguvu. Ndege hao walijivuta kwa mdomo, na nguvu waliyoitoa kichwani na shingoni ililingana na ile ya miguu au hata kuizidi. Ukilijua hilo, kisa kinachowaudhi wafugaji wengi kinabadilika sura. Kasuku anayenyooshewa kidole ili apande hutanguliza mdomo, akishike kidole kama anavyolijaribu tawi asilolizoea. Mwenye kidole huogopa na kukivuta. Ndege anajifunza kwamba tawi hili haliaminiki, na mara nyingine atalibana kwa nguvu zaidi. Kweli, yapo maumo ya hofu na ya hasira, lakini hayo nayo ni neno la mwisho la ndege ambaye alikwisha kujikunyata, kusimamisha manyoya na kurudi nyuma bila kusikilizwa.

Watu wawili watanipinga. Wa kwanza atasema dawa ya mdomo mkali ni kuukata. Waliowahi kukata midomo ya kuku wa mayai wanajua damu inavyotoka, na kasuku, anayepanda na kushika kwa mdomo, hupoteza zaidi ya kuku. Mdomo uliorefuka kupita kiasi ni jambo la kumpeleka ndege kwa daktari wa mifugo, kwa sababu huweza kuwa dalili ya ini bovu, utitiri au lishe duni, na lishe ya mbegu za alizeti peke yake ni duni. Wa pili atasema ndege aliyeanguliwa tunduni hajui msitu, hivyo hana anachokikosa. Jibu lake lilipatikana Chuo Kikuu cha California, Davis, katika utafiti uliochapishwa 2003. Kasuku wachanga wa jamii ya Amazon waliopewa vitu vya kutafuna, kupandia na kutafutia chakula walijinyonyoa manyoya kidogo kuliko wenzao waliokaa kwenye matundu matupu, na waliokwisha kuanza kujinyonyoa walipata nafuu walipopewa vitu hivyo. Haja ya kazi imo ndani ya mwili wa ndege, popote alipoanguliwa.

Lipo lalamiko moja la haki: kasuku akitolewa nje hutafuna miguu ya viti, fremu za milango na nyaya za umeme. Ni kweli, na nyaya zitamuua. Lakini tundu nalo si salama kwa kuwa tu ni tundu. Asiye na kitu cha kutafuna hutafuna waya, na waya uliopakwa zinki, ambao mafundi wengi huutumia kwa kuwa haushiki kutu, humpa sumu. Matawi ya mpera, magunzi ya mahindi na makumbi ya nazi hayagharimu karibu chochote. Asipewe tu parachichi wala tawi la mparachichi, kwani kwake ni sumu.

Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo na Uganda ni suala jingine, zito zaidi. Mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES, zikikutana Johannesburg, zilikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya wale wanaotekwa porini, kwa kuwa walikuwa wanamalizwa. Aliyenaswa msituni asinunuliwe, hata kwa nia ya kumhurumia. Nazungumzia wale walio majumbani tayari. Ndege huyu akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 40 na zaidi, kwa hiyo anayeamua kukaa naye apige kwanza hesabu ya matawi ya miaka 40.