Mzamiaji na Milima Yake

Kijana wa Morogoro atakaye kwenda pwani kujifunza uzamiaji wa kina kirefu asivutwe na unafuu wa ada. Twamshauri amchunguze kwanza mwalimu. Je, humfundisha mwanafunzi kuchanganya oksijeni, naitrojeni na heli, kisha akamlazimisha kuupima mtungi mwenyewe kabla ya kuzama? Mchanganyiko wenye oksijeni asilimia 32 hufaa hadi mita 34 hivi. Mita 60 waweza kumtia mtu kifafa humo humo majini.

Tena, mwalimu huyo huuliza mwanafunzi anakolala? Naitrojeni iliyosalia mwilini hufanya mapovu mtu apandapo juu, iwe kwa ndege, iwe kwa basi la Mgeta. Aliyezama leo na alale pwani, Uluguru haihami.