Nipeni Nafasi ya Fred

Nikiulizwa filamu za zamani za Uingereza ninazozipenda, watu hungoja nianze na Lawrence of Arabia. Sianzi nayo. Ni filamu kubwa, na Peter O'Toole si wa kubezwa, lakini mle nyota ni jangwa. Mimi nimekulia jukwaani. Nataka kumwona mtu akifanya kazi.

Kind Hearts and Coronets, ya mwaka 1949, ndiyo yangu ya kwanza. Alec Guinness anaigiza watu wanane wa ukoo mmoja, akiwamo bibi anayetunguliwa angani akiwa kwenye puto lake. Wengi wetu tukipewa kazi hiyo tungekimbilia vitambi na sauti za kukoroma. Mtazame Guinness katika yule kasisi mzee anayemtembeza mgeni kanisani, anavyojikongoja na maelezo yasiyokwisha. Hakuna mahali anapokuomba ucheke, na mbavu zako hazina salama.

Mwaka huohuo Carol Reed alitoa The Third Man. Orson Welles ni Mmarekani, najua, msinitumie barua. Tumeshaambiwa Harry Lime, anayechezwa naye, kafa na kazikwa, na filamu imekwenda kama saa nzima. Paka anajilaza kwenye viatu vya mtu aliyejibanza mlangoni gizani. Jirani anawasha taa, mwanga unampiga usoni. Welles hashtuki. Anatabasamu kidogo tu, kama mtoto aliyefumaniwa mkono ukiwa chunguni, na papo hapo tunamsamehe mwuaji.

Kes ya Ken Loach, ya 1969, huwa inanitia wivu. David Bradley alikuwa mwanafunzi wa Barnsley, wala si mwigizaji. Anasimama mbele ya darasa kueleza anavyomfunza ndege wake, kozi, na aibu inamtoka kidogo kidogo kadiri anavyozama kwenye jambo analolijua. Mwalimu anayemsikiliza ni Colin Welland, aliyewahi kufundisha kweli. Mafunzo ya sanaa niliyopitia hayakunipa dakika kama zile.

Lakini ninayoirudia kuliko zote ni Brief Encounter ya David Lean, ya 1945. Stesheni ile ni Carnforth, Lancashire, na picha zilichukuliwa usiku, vita vikiwa havijaisha. Laura na Alec, kila mmoja na ndoa yake, wanaagana mara ya mwisho kwenye mkahawa wa stesheni. Mara anaingia shoga yake Laura, mropokaji, anavuta kiti. Kuaga kumeharibika. Alec anainuka, anamshika Laura bega, anatoka. Sisi tungeweka kilio, muziki, na pengine mtu kuzirai. Celia Johnson, ambaye ndiye Laura, anabaki na macho tu.

Wote humsifu yeye na Trevor Howard aliyemcheza Alec, na ni haki yao. Mimi namtazama mume, Fred, aliyechezwa na Cyril Raymond. Wengi humwona bwege, kakaa kitini na fumbo lake la maneno la gazetini. Mwishoni anapiga magoti karibu na mkewe na kumshukuru kwa kurudi kwake. Je, alijua? Raymond hasemi, wala uso wake hauropoki. Mwongozaji yeyote atakayeirudia hadithi hii na kunipa Fred, nitakubali kwanza, malipo tutazungumza baadaye.