Kompaila Ikinyamaza, Usidhani Uko Salama

Wasee wa Nakuru mnaocheza na Arduino, leo tuambiane ukweli. Kuna tabia moja itatuharibia jina kwa wakulima: kompaila ikikubali programu bila kelele, tunasema "iko fiti" na kwenda kufunga pampu shambani.

Kwa wageni, kompaila ndiyo inageuza C tuliyoandika kuwa lugha ya chipu. Ikiona kosa, inakataa. Ikiona kitu cha kutilia shaka, inatoa onyo halafu inaendelea na kazi. Sasa shida ni hii: ukimya wake unaweza kukudanganya, na onyo lake pia.

Tuanze na ukimya. Chukua Arduino Uno, ile wengi wetu tulianza nayo. Unataka pampu ya sukuma wiki huko Bahati ifanye kazi dakika moja kisha izime. Unaandika delay(60 * 1000), yaani milisekunde 60,000. Hesabu rahisi, si ndiyo? Lakini kwenye chipu hiyo, int ina biti 16 tu na haipiti 32,767. Jibu linafurika na kuwa -5,536. Na kwa sababu delay haijui namba hasi, inalisoma kama 4,294,961,760. Hizo ni zaidi ya siku 49! Uliomba dakika moja, na sasa pampu inamaliza tangi na tokeni za stima hadi mtu aje kuichomoa.

Tena ukiandika delay(60000) moja kwa moja, inafanya kazi bila shida, maana C yenyewe inaipa namba kubwa nafasi kubwa. Ni kuzidisha ndiko kunakuumiza. Dawa ni herufi mbili tu: 60UL * 1000.

Je, kompaila haikuona? Iliona. Lakini programu ya Arduino huja ikiwa imezima maonyo, na wengi wetu hatujawahi kufungua mipangilio kuyawasha. Na hata ukiwasha yote, ukihifadhi ile 60 kwanza kama int sekunde = 60 halafu uzidishe, kompaila inaweza kukaa kimya kabisa.

Upande wa pili ndio unanisumbua zaidi. Kuna onyo linalosema huenda unatumia namba ambayo hujaipa thamani. Mara nyingine kompaila inakosea hapo, kwa sababu haijui kwamba sharti lako la kwanza na la pili huenda pamoja kila mara. Msee anachoka na hiyo kelele, anaandika int unyevu = 0, onyo linapotea. Amefurahi. Mwezi ujao anabadilisha programu na kutoa sharti moja. Waya wa kihisi unakatika. Sasa programu inasoma sifuri, na kwake sifuri ni "shamba limekauka". Pampu inawaka. Lile onyo ambalo lingemsaidia siku hiyo alishalizima mwenyewe.

Hata lile la kumbukumbu ni vivyo hivyo. Uno ina baiti 2,048 za RAM. Ukipita asilimia 75 unaambiwa programu inaweza kuyumba. Lakini hesabu hiyo haijumuishi nafasi ambayo programu itachukua ikishaanza kukimbia. Unaweza kuwa na asilimia 80 na ukae poa, ama asilimia 60 na bodi ijizime na kujiwasha yenyewe.

Najua kuna mafundi watasema: geuza kila onyo liwe kosa, yaishe. Kwa timu yenye uzoefu, sawa. Kwa anayeanza, utamfundisha kunyamazisha tu, si kuelewa.

Maoni yangu ni haya. Washa maonyo yote leo. Kila moja likitokea, usilizime hadi uweze kumweleza rafiki yako limetokea kwa nini kwenye chipu hiyo. Kisha jaribu bodi mezani: chomoa kihisi, iache ikimbie usiku mzima, uone itafanya nini.

Mama wa Njoro aliyekulipa umfungie pampu hajui kompaila ni nini. Anajua maji yaliisha.

Wewe je, maonyo unayasoma ama unayapita tu? Niambie hapo chini.