Gari la Kuiga Si Gari la Uongo

Hapa Uganda neno lenyewe ni kicupuli, yaani kitu bandia. Ukilitamka mbele ya gari la mtu, umemtukana yeye na fundi wake kwa pamoja. Nililisikia Jinja, nje ya gereji, akirushiwa kijana wa Mbale aliyekuja kulipa na kuchukua Subaru Impreza yake. Ilikuwa ya buluu, rimu rangi ya dhahabu, madigadi yametanuliwa, bawa refu juu ya buti. Fundi alikuwa ameigeuza ifanane na 22B, toleo adimu la Impreza hiyo hiyo. Jamaa mmoja aliyesimama pale akaizunguka, akahesabu milango, akaikuta minne badala ya miwili, akatamka neno lake. Watu wakacheka. Kijana akanyamaza.

Imani iliyo nyuma ya kicheko kile naijua, maana naisikia hata kwa watu ninaowaheshimu: gari adimu ni la asili au si kitu, huliwezi, kaa kimya, anayenunua la kuiga anajidanganya na kuwadanganya wenzake. Nasema imani hiyo ni potofu, tena inaumiza.

Tulitazame hilo la asili linaloabudiwa. Mwaka 1998 Subaru ilitimiza miaka 40 tangu itoe gari lake la kwanza, na ilikuwa imetoka kutwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji katika mbio za magari mara tatu mfululizo, 1995 hadi 1997. Kwa kusherehekea ikatengeneza Impreza 22B: milango miwili, injini ya lita 2.2 yenye silinda nne za kulala na tabo. Kwa soko la Japani zilitoka 400, na nchi nyingine zikapata chache sana. Moja kati ya 22B za majaribio, iliyowahi kuwa mali ya dereva Colin McRae, iliuzwa mnadani Uingereza mwaka 2023 kwa zaidi ya pauni 400,000. Hata fedha ukizipata, tangu Oktoba 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza nchini gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe. Anayemwambia kijana wa Mbale asubiri la asili anamwambia afe akilitazama kwenye simu.

Na 22B yenyewe ni nini? Ni gari la kuiga! Madigadi yake mapana na bawa lake vilichukuliwa kwenye sura ya gari la mashindano, Impreza WRC97, ili mteja wa kawaida aendeshe kitu kinachofanana na lile la McRae. Na WRC97 hiyo ndiyo McRae aliyoshinda nayo Safari Rally mwaka 1997, katika mawe na vumbi la Kenya, jirani zetu hapa. Subaru iliiga gari la mbio, dunia ikapiga makofi na kuita kazi hiyo hazina. Fundi wa Jinja ameiga kazi ya Subaru, anaitwa mlaghai. Nionyesheni tofauti, ukiacha kwamba mmoja ana kiwanda na mwingine ana nyundo.

Wajapani wenyewe hawakuanza kwa kubuni kila kitu. Gari la kwanza la abiria la Toyota, AA ya mwaka 1936, lilifuata umbo la Chrysler Airflow ya Marekani, na injini yake ilitengenezwa kwa kuitazama ya Chevrolet. Nissan ilitia saini mkataba na Austin ya Uingereza mwaka 1952, ikajifunza kwa kuunganisha magari ya Waingereza, na miaka chini ya ishirini baadaye ikaleta Datsun 240Z. Tena sikieni hili. Toyota ilipokaribia kutimiza miaka 50 ya kutengeneza magari ilitaka kuionyesha AA yake, isipate hata moja. Ikatengeneza upya, na hiyo ya kutengenezwa upya ndiyo iliyowekwa katika makumbusho yake ya magari. Miaka mingi baadaye AA ya kale ikaonekana Urusi, imechakaa na kufanyiwa marekebisho mengi, na leo imehifadhiwa Uholanzi. Kampuni iliyolizaa gari hilo haikuona aibu kuonyesha la kuiga. Sisi tunaona aibu kwa niaba ya nani?

Wazee watanijibu kwa Safari ya zamani, ilipokuwa ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwamba enzi ile gari lilikuwa la kweli, na nakubali hoja ianzie hapo. Edgar Herrmann alishinda mwaka 1971 kwa 240Z. Mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, kwa 240Z pia, baada ya kulingana alama za adhabu na Harry Källström. Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945 katika familia yenye mashamba, na ushindi ule ulikuja mwaka mmoja tu baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia, miji kama Jinja na Mbale ikabaki na maduka yaliyofungwa. Kuanzia 1979 hadi 1982 alishinda mara nne mfululizo, safari hizi kwa Datsun Violet. Violet! Saluni ya familia, gari la mwalimu na la karani. Mapenzi ya watu wa Afrika Mashariki kwa Datsun yalitoka hapo: gari lililoshinda lilifanana na lililoegeshwa nje ya duka. Mwenye Violet aliyefunga taa za ziada kwenye bampa alikuwa anashiriki furaha iliyo yake pia. Anayeitukana Impreza ya buluu leo kwa jina la enzi ile hakuielewa enzi ile.

Udanganyifu upo, na mimi umenigusa. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gari kwa muuzaji nisiyetaka kumtaja, nikaambiwa ni toleo la michezo, injini yake ya kiwandani. Namba ya injini haikulingana na kadi. Nilipoinua zulia nyuma ya viti vya mbele nikakuta mstari wa kulehemu kutoka upande hadi upande: yalikuwa magari mawili yaliyokatwa na kuunganishwa. Nilikuwa nimewapakia watoto wangu humo. Hasira yangu haijaisha hadi leo, lakini naielekeza kunakostahili. Yule hakuwa ameiga gari lolote adimu. Lake lilionekana la kawaida kabisa, na ndilo lililokuwa la uongo. Uongo hukaa kwenye kadi, kwenye namba ya shasi iliyokwanguliwa, kwenye mdomo wa muuzaji. Kwa hiyo anayenunua la kuiga na aandikiane na fundi gari lilikuwa nini kabla, injini gani imo na kipi kimebadilishwa, na alale chini alitazame tumboni.

Kinachoniuma kuliko vyote ni dharau kwa kazi. Nilimwona fundi yule akitengeneza madigadi. Alikata kielelezo cha boksi, akakishika penye gurudumu, akapunguza, akarudi. Ndipo akakata bati, akalibana kwa nukta za kulehemu, akaligonga polepole toka ndani mpaka mviringo wa kulia ukalingana na wa kushoto. Puti alipaka nyembamba, maana puti nene huficha nyundo mbovu na hupasuka kwa mitikisiko. Jinja ndiyo iliyochaguliwa kujengwa kiwanda cha magari cha Kiira Motors, na kila siku tunaambiwa Uganda itatengeneza magari yake. Itayatengeneza kwa mikono ya nani, ikiwa anayejua kulisoma umbo la bati kwa kiganja tunamcheka mbele ya mteja wake? Katwe, mtaa wa mafundi kule Kampala, jina lake limegeuzwa tusi kwa sababu hiyo hiyo, na bado gari lako likiharibika unakimbilia huko.

Kijana alinipa lifti hadi Mbale kwa barabara ya Tirinyi. Hakukimbiza gari, na hakulitaja neno lile hata mara moja. Tulipofika mjini, mlima Wanale umeanza kuingia giza, tukasimama kujaza mafuta. Mzee mmoja mwenye Impreza ya kijivu akasogea, akalitazama digadi kwa muda, akalipapasa.

"Hii ni 22B, mwanangu?"

"Hapana, mzee. Ni Impreza ya kawaida. Madigadi yamegongwa Jinja."

Mzee akalipapasa tena, safari hii ukingo wa ndani, penye kulehemu. Akatoa simu, akaomba namba ya fundi.