Mibuni yetu na hofu ya mkasi



Sisi tunaoishi seminarini penye shamba la kahawa tunazijua sura mbili za mbuni. Mwaka mmoja matawi yanainama kwa uzito na magunia hayatoshi. Mwaka unaofuata tunazunguka shamba zima na ndoo haijai. Wengi husema ni mvua, au ni ugonjwa. Mara nyingine ni kweli, ila tusiisingizie mvua kila kitu.

Kahawa ya arabika huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliotangulia, na pale ilipokwisha kuzaa haizai tena. Basi mbuni una kazi mbili kwa wakati mmoja: kulisha matunda ya mwaka huu na kukuza matawi ya mwaka kesho. Ukibeba kuliko majani yake yawezavyo kulisha, nguvu yote huenda kwenye matunda. Matawi mapya hayakui, ncha zinakauka, na mwaka kesho hakuna pa kuzalia.

Tulipopewa kazi ya kupogolea mistari iliyokuwa haijaguswa kwa miaka, tulikata kwa aibu, tawi kavu hapa, chipukizi pale. Jioni mzee anayetusimamia akaja, akatazama, akauliza, “Wanangu, mmepogolea au mmenyoa ndevu?” Akachukua mkasi mwenyewe. Kila mbuni akauachia mashina mawili au matatu yenye afya, akaondoa machipukizi ya ziada na matawi yaliyosongamana katikati, hadi mwanga ukaonekana upande wa pili. Mbuni ulio wazi hukauka haraka baada ya mvua, na chulebuni hupenda unyevu.

Hofu ya kukata hatuidharau. Mzee mwenye mibuni michache kihambani akiona mwanawe anaangusha tawi ambalo lingezaa, anaona fedha inaanguka. Lakini wazazi wa wengi wetu hulipa ada kwa kahawa hiyohiyo, na shule haidai ada mwaka mmoja ikaruka mwaka mwingine. Kwa familia ya namna hiyo, mavuno ya wastani kila mwaka yana faida kuliko neema ya mwaka mmoja na mkopo wa mwaka unaofuata. Tumewaona wenzetu wakichelewa kurudi masomoni kwa sababu hiyo.

Mibuni iliyozeeka kabisa hukatwa ikabaki kisiki, nayo huchukua kama miaka miwili kabla ya kuzaa tena. Asiikate yote kwa pamoja mtu anayeitegemea. Akate sehemu moja ya shamba kila mwaka.

Tunashauri hivi. Januari na Februari, mavuno yakiwa yamekwisha na masika bado, jumuiya ndogo ndogo za parokia zenye kahawa zitenge Jumamosi mbili. Vijana waende kwanza kwa wajane na wazee wasio na mtu wa kupanda ngazi, na wamwombe mwenye kihamba aonyeshe mashina anayotaka yabaki, kwa sababu mibuni ni yake. Sura ya 15 ya Yohane tunaihubiri sana, huku mikasi ikishika kutu stoo. Ya kwetu tumeinoa wiki hii, na parokia jirani inaweza kuiazima.