Vitabu vya maswali ya anatomia: usihesabu maswali, soma majibu

Leo tuweke programu kando kidogo. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi hapa Kitengela huniuliza wanunue kitabu gani cha maswali ya anatomia. Mimi si daktari, lakini nina msimamo: kitabu chenye maswali 500 na maelezo kinakishinda chenye maswali 2,000 na herufi za majibu tu.

Kujibu maswali kunasaidia, hilo halina ubishi. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi makala wasome. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki 1, waliojipima ndio walioongoza.

Lakini kujipima bila kuelezwa kosa ni nusu ya kazi. Sisi watengenezaji programu tunajua: kompyuta ikikuambia "kuna kosa" bila kutaja mstari, utakesha.

Chukua mfano. Mtu wa boda boda ameanguka barabara ya Namanga, akavunjika mfupa wa mkono wa juu, humerasi, katikati kabisa. Kiganja kimelegea, hawezi kukiinua. Neva ipi imeumia? Jibu ni radiali, kwa sababu inapita nyuma ya mfupa hapo katikati. Kitabu kizuri hakiishii hapo. Kitaeleza kwamba neva ya aksilari huumia mfupa ukivunjika juu, karibu na bega, na ya alna huumia upande wa ndani wa kiwiko. Swali 1, neva 3. Kitabu kibaya kinakupa "B". Na siku moja huyo wa boda boda atakuwa mbele yako kweli.

Kwa hiyo ukiwa dukani:

1. Anza na kurasa za mwisho. Je, majibu yasiyo sahihi yameelezwa pia?
2. Linganisha na mtihani wako. Maswali ya USMLE, mtihani wa leseni wa Marekani, hayafanani lazima na ya mwanafunzi wa KMTC Loitokitok.
3. Tafuta picha. Kwenye mtihani wa vitendo utaonyeshwa kiungo chenye pini, hutapewa aya ya kusoma.
4. Tazama majina. Orodha ya kimataifa ya majina ya anatomia, Terminologia Anatomica, ilitoka 1998. Kitabu cha zamani kinaweza kukuchanganya.

Maswali uliyokosa yaingize kwenye Anki, programu iliyoanza 2006. Ni ya bure kwenye kompyuta na kwenye simu za Android, na ukishaiweka inafanya kazi hata bando ikiisha.

Mzazi ameuza ng'ombe ulipe karo. Hela yake isiishie kwenye orodha ya herufi. Haya, someni vizuri.